Hakimu Aliyestaafu Kuamua

Mtaani kwetu Karatu hakuna aliyemwita kwa jina lake, na nadhani wengi hawakulijua. Alikuwa Mama Hakimu. Wauza maziwa walimwita hivyo, watoto waliomwibia mapera walimwita hivyo, na hata padri alipokuja kubariki nyumba yake alisema, "Bwana, uilinde nyumba hii ya Mama Hakimu," nasi tukaitikia amina kana kwamba ndivyo alivyobatizwa.

Nilipohamia jirani yake alikuwa ameshastaafu kazi ya mahakama ya mwanzo, kwa hiyo sikuwahi kumwona akihukumu. Mimi nilimjua akiwa na koti la sufu la kijivu na kofia ya kufuma iliyovutwa mpaka kwenye nyusi, ameketi kibarazani na kitabu, ukungu wa Julai umelifunika shamba la mbaazi hata uzio hauonekani. Ukimpigia hodi alikuwa na desturi ya kunyanyua kidole kimoja bila kukutazama. Maana yake: subiri nimalize aya hii. Ungeweza kuwa umekuja kumwambia nyumba inaungua, ungesubiri aya iishe.

Kazi yangu ni udereva wa watalii. Msimu ukichanganya, silali kwangu. Leo Ngorongoro, kesho Serengeti, keshokutwa nimepeleka wageni mahemani Engaresero. Lakini masika yakiingia, lodge nyingi zinafunga, barabara zinageuka uji, nasi madereva tunarudi nyumbani kukumbushwa majina ya watoto wetu. Ujirani wangu na Mama Hakimu ulikua katika miezi hiyo ya mvua, na ndiyo maana hata leo, akiwa amekwisha kufa na nyumba yake imepangishwa kwa wauza vinyago, nikisikia mvua juu ya bati naisikia na sauti yake.

Wiki ile ile niliyohamia aliniita kwenye uzio. "Kijana, njoo uniamulie."

Nikafikiri kuna ugomvi. Kumbe fundi alikuwa amesimama na makopo mawili ya rangi ya geti, moja kijani, moja kahawia.

"Mama, si geti lako?"

"Geti langu, lakini mimi nimeamua vya kutosha. Chagua wewe."

Nikachagua kijani. Hakuipenda kamwe, na kila mgeni aliyefika alimwambia, "Jirani yangu ndiye aliyehukumu." Ndivyo alivyokuwa. Buchani alisema, "Nipe unachoona kinafaa." Mnadani muuza vitenge alijua kumchagulia na kumfungia kabisa, kwa sababu akiachwa mbele ya doti mbili angeweza kusimama hapo mpaka watu wakunje maturubai. Nilidhani ni uzee. Siku moja nikamuuliza, akanijibu bila kucheka: "Ukishamwambia mtu nenda jela, halafu ukaenda nyumbani ukala ugali, ukafanya hivyo mwaka baada ya mwaka, kuna mahali ndani panachoka. Mwingine anachoka magoti. Mimi nimechoka hapo."

Vitabu alivianza baada ya kustaafu. Kabla ya hapo, alisema, alisoma mafaili tu. "Mahakamani nilisikia watu wamefanya nini. Nani alipiga, alipiga kwa fimbo gani, damu ilitoka wapi. Kwa nini alipiga, hilo nililisikia pembeni tu, kama kelele za nje. Sasa nataka kukaa na hilo."

Basi alisoma riwaya na hadithi za kila namna, mradi ndani yake pawe na mtu amemkosea mtu. Alizinunua mnadani, zikiwa zimetandikwa kati ya viatu vya mitumba na vitunguu vya Mang'ola, nyingine hazina jalada wala mwanzo. Mimi nilimletea za Kiingereza zilizoachwa na wageni vyumbani, akazisoma polepole na kamusi pajani. Kitabu kisicho na mkosaji alikirudisha. "Hiki kila mtu ni mwema. Ni kama sherehe ya harusi: unakula, unaondoka, hukumbuki kilichosemwa."

Na alikuwa na kitabia kilichowakera wasomaji wenzake wote: alisoma ukurasa wa mwisho kwanza. Ukimlaumu anakwambia, "Mwisho naujua, sasa nina nafasi ya kutazama watu wanavyokwenda." Ole wako lakini wewe ukimwambia mwisho wa kitabu ambacho hajakishika! Alinuna siku nzima.

Alikuwa ameishi Karatu miaka yote hiyo bila kushuka kreta ya Ngorongoro. Masika moja tajiri wangu akaniruhusu gari, nikamchukua. Njia nzima ya kushukia alikuwa ameshika bomba la mbele kwa mikono miwili akitaja watakatifu. Chini kule tukamkuta simba dume kando kabisa ya barabara, ananyeshewa, mahali ambapo mgeni angelia machozi ya furaha. Mama Hakimu alimtazama kwa heshima kwa muda mfupi. Kisha nikasikia karatasi. Nikageuka: ametoa kitabu mkobani, anasoma.

"Mama! Simba huyo."

"Nimemwona. Mzuri. Lakini hana kosa, mwanangu. Atakula swala na hataulizwa. Ukishamwona umemwona."

Tulipopanda kurudi, getini aliingia kwenye mazungumzo na askari wa zamu, aliyekuwa na kaka aliyekataa kugawa shamba la baba yao huko Rhotia, nikamsubiri mpaka baridi ikaniingia mifupani. Aliporudi garini macho yake yaling'aa. "Safari nzuri sana hii," akasema.

Sitaki umwone kama malaika. Alitufundisha kila mara kusikiliza pande mbili, lakini mwalimu mstaafu wa nyumba ya chini, ambaye kuku wake waliwahi kuingia bustanini wakaparua mchicha, Mama Hakimu hakumsemesha tena, na upande wa mwalimu hakuusikiliza hata siku moja. Nilipomkumbusha alisema kuku walikutwa na ushahidi midomoni. Alikuwa mkali kwa wasichana wa kazi. Aliweza kulia juu ya mjakazi wa kitabuni na papo hapo kumfokea wa kwake kwa chai iliyopoa. Na alijivunia kumbukumbu yake. Alisema uso uliowahi kusimama mbele yake hausahau. Hilo nitalirudia, maana ndilo lililokuja kumuumbua.

Jumapili baada ya ibada tulikusanyika kibarazani kwake kusoma. Ilianza na katekista, mzee mpole aliyetaka kuazima kitabu akaambiwa vitabu havitoki, vinasomewa hapa. Kisha mimi, nikiwa sina safari. Kisha Mama Naserian, mama wa Kimaasai kutoka Ololosokwan aliyeolewa Karatu, akawa anauza shanga karibu na lodge moja; yeye hakusoma, alisikiliza huku akitunga shanga zake, na ndiye aliyekuwa mkali kuliko sote. Mmoja alisoma kwa sauti, wengine tukabishana. Katekista alitaka kila mkosaji atubu. Mama Naserian alitaka alipe.

"Yeyo, mnasumbuka bure," alikuwa akimwambia Mama Hakimu, akimwita mama kwa Kimaasai. "Huyo kijana ameua. Atoe ng'ombe, wakae chini wanywe maziwa, yaishe. Jela inamnyonyesha nani?"

"Na akiwa hana ng'ombe?"

"Ana wajomba."

Katikati ya masika moja akaja mtu mwingine. Alikuwa mkulima wa Endamarariek, Mwiraqw wa makamo, mrefu, mwenye mabuti ya mvua na kofia aliyoivua kabla ya kufika ngazini. Akasema anaitwa Paskali, amesikia hapa kunasomwa hadithi. Mama Hakimu akanyanyua kidole kile kimoja, akamaliza aya, akamkaribisha kwenye benchi la mlangoni.

Alikuja Jumapili kadhaa akisikiliza tu. Siku moja katekista alikuwa na mafua, kitabu kikapewa Paskali. Jamani! Alisoma kama mtu anayepita njia ya kwao. Hakuharakisha, hakuimba, mtu mwovu akiongea alimsomea kwa upole, nasi tukaogopa zaidi. Mama Hakimu aliweka chini kikombe. "Ulijifunza wapi kusoma hivyo?"

"Niliwahi kuwa mahali penye muda mwingi, mama."

Tangu hapo yeye ndiye aliyekuwa msomaji wetu. Mama Hakimu alimpenda waziwazi. Alimwekea kiti chenye mto, na mimi niliyemchagulia rangi ya geti nikahisi wivu kidogo.

Kitabu kilichofichua mambo kilikuwa kimojawapo cha vile visivyo na jalada. Mtumishi wa ndani anashtakiwa kuiba mkufu wa dhahabu, mashahidi wanamwelemea, hakimu anamfunga. Baadaye mkufu unakutwa ndani ya mto wa kulalia wa mwenye nyumba. Paskali alisoma sehemu ya hukumu, akasoma mkufu ulivyopatikana. Mvua ilikuwa ndogo, tulisikiana vizuri.

"Hakimu huyu hana kosa," Mama Hakimu akasema. Ndivyo alivyosema siku zote. Mahakimu wa vitabuni aliwatetea kama ndugu zake. "Hakimu hawezi kuingia ndani ya mto. Anahukumu kwa kilicholetwa mezani."

"Lakini dhamiri, mama," katekista akasema.

"Dhamiri haiapishwi."

"Na aliyefungwa je?" Mama Naserian akauliza. "Nani anamlipa?"

Paskali alikuwa amekifunga kitabu, kidole chake kimebaki ndani. "Mama," akasema, "unanifahamu?"

"Wewe si Paskali, msomaji wetu?"

"Kabla ya hapo."

Akamtazama. Mama Hakimu aliinua hata kofia yake kidogo ili amwone vizuri. Nilimwona akitafuta, na nikamwona asipate. "Hapana," akasema taratibu. "Sikukumbuki."

"Nilisimama mbele yako. Kesi ya ng'ombe wa jirani yangu. Ulipomaliza kusoma hukumu ulivua miwani ukaifuta kwa kanga, halafu ukaita kesi nyingine."

Akatueleza, kwa sauti ile ile aliyosomea. Jirani yake alidai ng'ombe wake ameibwa. Watu wawili waliapa kwamba alfajiri ile walimwona Paskali njiani akiwa na kamba mkononi. Akafungwa. Alipotoka, ng'ombe yule alikuwa hai, Mbulu kwa wakwe wa jirani, na ameshazaa. Mwenyewe ndiye aliyemficha huko asije akahesabiwa wakati yeye na ndugu zake wakigawana urithi wa baba yao. Jirani naye alikuwa ameshafariki, kwa hiyo hapakuwa na wa kumshtaki.

"Walikuona na kamba," Mama Hakimu akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. Nadhani hiyo ndiyo iliyokuwa ya mahakamani.

"Waliniona, kweli. Nilikuwa nakwenda kuazima maksai wa kulimia."

"Ungesema."

"Nilisema, mama. Ukaandika."

"Kwa nini hukukata rufaa?"

"Nyumbani alibaki mama yangu peke yake. Nani angenihangaikia? Naye alikufa nikiwa ndani. Walimzika majirani. Mimi niliambiwa na askari, amesimama mlangoni na funguo."

Mama Naserian aliacha shanga. Katekista alikuwa anatazama miguu yake. Paskali akainuka, akaweka kitabu juu ya kiti chenye mto.

"Sikuja kukutukana," akasema. "Nilisikia Karatu kuna hakimu anasoma hadithi za watu na kuwahurumia. Nikataka kuona kama ndiye wewe."

"Leo tuishie hapa," Mama Hakimu akasema, akaingia ndani.

Siku nyingi hatukusoma. Alitoka tu kulisha mbuzi, na akiniona uzioni alianza katikati, kana kwamba tulikuwa tunaendelea na jambo.

"Ushahidi ulitosha."

"Ndiyo, mama."

"Hata wazee wa baraza waliokaa nami walikubali."

"Ndiyo, mama."

"Usiniambie ndiyo, ndiyo, kama naongea na mgeni wako wa hotelini! Ulitosha au haukutosha?"

Nikamwambia sijui, mimi ni dereva. Akaondoka kwa hasira. Lakini asubuhi moja nikamkuta getini amevaa koti lake na mabuti ya mvua, kichwani kanga badala ya kofia.

"Washa gari. Tunakwenda Endamarariek."

Hakuniuliza kama nafasi ipo, hakuniuliza kama barabara inapitika. Kwa kweli haikupitika. Udongo mwekundu ulitushika kabla hatujafika, nikaliacha gari la tajiri limeinamia upande mmoja kando ya shamba la mahindi, tukaendelea kwa miguu, yeye ameshika mkono wangu, anateleza, anakataa kupumzika.

Paskali alikuwa uani anachambua mbegu za maharage na mkewe. Alituona tangu mbali lakini hakusimama mpaka tulipofika. Mama Hakimu alikuwa hana pumzi. Mke akaleta kigoda, akakikataa.

"Waite majirani," akasema.

"Wa nini, mama?"

"Nilikuhukumu mbele za watu. Siwezi kuja kukunong'oneza jikoni."

Walikuja wachache wachache, wengine wamejifunika magunia kwa sababu ya mvua, wanasalimiana Kiiraqw huku wanamtazama huyu bibi mwenye matope mpaka magotini. Walipotosha kujaza ua, alizungumza. Hakurefusha. Alisema, mimi ndiye niliyemfunga huyu. Hakuiba. Aliniambia alikokuwa anakwenda siku ile nami sikumwamini, wala sikuuliza zaidi. Kosa ni langu, hata kama sheria haina mahali pa kuliandika.

Mzee mmoja akasema, "Tumesikia." Wengine wakaguna kuitikia.

Paskali alikuwa amekunja mikono. "Na mama yangu?" akauliza.

Nilitamani ardhi inimeze. Mama Hakimu akamgeukia. "Huyo sina la kumpa," akasema. "Amelala wapi?"

Paskali akamwonyesha kwa kidevu, nyuma ya nyumba, penye mwisho wa mbaazi. Alikwenda peke yake. Tulimwona mgongo tu, amesimama pale kwenye mvua. Alichosema, kama alisema, hakuna anayekijua.

Paskali hakutamka kwamba amesamehe, na Mama Hakimu hakumwomba atamke. Tulipewa makande na maziwa, akala yote aliyowekewa. Vijana wa pale wakatusaidia kulinyanyua gari. Njiani nilingoja alie, nikawa nimeshaandaa maneno ya kumfariji. Hakulia. Karibu na mjini ndipo aliposema, "Anasoma vizuri sana yule," akageukia dirishani.

Jumapili za kusoma zilirudi, ila kiti kile hakikukaliwa. Paskali hakuja. Mahakimu wa vitabuni Mama Hakimu hakuwatetea tena. Tukifika kwenye hukumu alituacha tubishane. Siku moja katekista, kwa nia njema, akamwambia Mungu ameshamsamehe. "Katekista," akamjibu, "usitoe hukumu ya kesi isiyoletwa kwako." Lakini aliisema kwa upole, na kwa mara ya kwanza alimmiminia chai yeye mwenyewe. Mwalimu wa kuku hakusalimiwa bado. Kuna mambo hayakubadilika.

Miaka ikapita hivyo. Macho yakamwishia, tukawa tunamsomea kwa zamu. Binti yake akaja kutoka Dodoma kumchukua, na huko ndiko alikofia kabla ya masika yaliyofuata.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa asubuhi ya Juni, siku ya kuondoka kwake. Nilikuwa nimerudi kutoka Engaresero na vumbi jeupe mpaka kwenye kope, nikapita kumuaga kabla sijakwenda kuchukua wageni wengine. Binti alikuwa ndani anafunga mizigo. Mama Hakimu alikuwa juani kibarazani, blanketi miguuni. Nikasikia pikipiki ikizimwa nje, na Paskali akaingia, nywele zimekuwa na mvi, kofia mkononi.

"Saita, mama," akasema, akimsalimu kwa Kiiraqw.

Mama Hakimu akageuza uso kuelekea sauti. Safari hii hakuhitaji kutafuta. "Paskali."

"Ndiye. Nimesikia unaondoka." Alikaa kwenye ngazi, chini yake. Akazungusha kofia vidoleni kwa muda. "Wamenichagua kwenye baraza la usuluhishi kijijini. Nilikataa, wakanichagua hivyo hivyo. Sasa kuna kijana anadaiwa kuiba kondoo. Mashahidi wapo, na wote wanasema jambo moja. Yeye anasema siku hiyo alikuwa Mang'ola anapalilia vitunguu. Jumatano tunakaa." Akaiweka kofia gotini. "Nimekuja kukuuliza. Unajuaje kwamba shahidi anasema uongo?"

Nilidhani atatoa mojawapo ya misemo yake.

"Sijui," akasema. "Sikujua wakati ule. Na baada ya vitabu vyote hivi, bado sijui."

"Basi nifanye nini?"

Mama Hakimu akanyoosha mkono hewani mpaka ukapata bega lake. "Kijana amekuambia alikokuwa. Inuka, uende huko, ukaulize. Wewe uliniambia njia, Paskali. Nyumba ya mwenye maksai haikuwa mbali. Mimi sikwenda."

Paskali hakulitoa bega lake. Niliwaaga taratibu, sidhani kama walinisikia, nikaenda kazini.

Jinsi kesi ya kondoo ilivyoisha sijui. Ninachojua nilielezwa na katekista, ambaye ana ndugu Endamarariek: Jumatano ile baraza lilishindwa kukaa. Watu walikusanyika, mlalamikaji akaja na mashahidi wake, wakangoja mpaka jua likawa kali. Mjumbe mmoja alikuwa hayupo. Mkewe akatumwa kueleza kwamba ameondoka na basi la alfajiri kwenda Mang'ola, kumtafuta mwenye shamba la vitunguu, na akaomba wazee wamvumilie, wasiamue neno lolote mpaka arudi.